Kumwachia Bibi Nafasi

Mimi si mwongeaji. Nikiulizwa kitu, kwanza naangalia miguu yangu, kana kwamba jibu limeandikwa kwenye kandambili. Ndiyo maana siku ile nilipojibu, darasa zima lilisikia. Ningekuwa mtu wa maneno mengi, jibu langu lingepotelea humo humo na maisha yangeendelea.

Kilikuwa kipindi cha Historia. Darasani kwetu meza na viti havitoshi, kwa hiyo sisi wa nyuma tunakaa kwenye mabenchi. Mwenzangu wa upande wa ukutani, msichana kama mimi, ila wazazi wake ni watumishi waliohamishiwa Bariadi, alinyoosha mkono.

"Madam, huyu ananibana ukutani. Na kule mwisho kwake kuna nafasi ya mtu mzima kabisa, tena mnene."

Watu wakageuka. Madam akaweka chaki chini. "Wewe, unamwachia nani hiyo nafasi?"

Nikaangalia miguu yangu. Ningeweza kusema chochote. Ningesema benchi lina msumari. "Bibi," nikasema.

Kicheko kilichofuata kilifika mpaka darasa la jirani. Madam naye alicheka kidogo, kisha akaacha, kwa sababu aliona mimi sicheki.

"Bibi yupi?"

"Aliyefariki."

Hapo hakucheka mtu.

Bibi, mama yake baba, alikufa msimu wa kuchuma pamba. Tuliishi naye kwenye kaya moja, nje kidogo ya mji, pale nyumba zinapoisha na mashamba kuanza. Alikuwa mtu wa masamva, yaani mizimu ya ukoo ilikuwa imemkalia tangu ujana wake, na shingoni alivaa kipande cheupe cha kombe la baharini ambacho sikuwahi kumwona amekivua hata akienda kuoga. Kabla ya kula alimega tonge la kwanza la ugali akalitupa chini kwa ajili ya waliotangulia. Kuku walilikimbilia, na yeye hakujali, alisema kuku nao ni wa nyumbani.

Baba ni mzee wa kanisa. Yeye na mama yake waliishi kama watu wawili wanaogombea stesheni ya redio: hakuna anayeizima, kila mmoja anasubiri mwenzake atoke nje abadilishe. Bibi alipotupa tonge, baba alifumba macho akaombea chakula kwa sauti kubwa. Walipomaliza wote wawili, tulikula.

Kwenye msiba baba ndiye aliyeongoza nyimbo. Hakulia. Ngoma haikupigwa, pombe haikupikwa. Shangazi, dada yake baba, alimuuliza mbele ya watu, "Haya, kaka, na vitu vya mayu nani atavipokea?" Mayu ni mama kwa Kisukuma. Baba akamjibu, "Hakuna wa kupokea. Vimeisha naye." Kibuyu, manyanga, usinga na lile kombe jeupe vilitiwa kwenye gunia la pamba na shangazi akaondoka navyo kwake, amenuna.

Wiki zile zile, nikiwa shambani nachuma, nilianza kujua kwamba bibi yupo. Nataka niseme vizuri hapa kwa sababu hapa ndipo kila mtu ananielewa vibaya. Simwoni. Simsikii. Hakuna sauti inayoniambia nifanye hiki na kile. Ni vile ukiwa umekaa kwenye benchi kanisani umefumba macho, mtu akaja akakaa kando yako, nawe ukajua. Ule upande unakuwa na joto. Unasogea kidogo bila hata kufikiri. Basi, ni hivyo tu. Anakuja, anakaa kushoto kwangu, halafu anaondoka.

Nimekuja kuamini kwamba wafu hawaendi mbali, na sidhani kama wanataka kitu. Wamechoka, wanatafuta pa kukaa. Kanisani hawafundishi hivyo. Kwa shangazi pia si hivyo, maana kwake masamva wanataka pombe, mbuzi, na mtu wa kuwabeba, na wasipopewa wanakasirika. Imani yangu ina mtu mmoja tu, na simwombi mwingine ajiunge.

Sasa niseme la bangi.

Nilivuta mara moja. Binamu yangu, mtoto wa shangazi, anaendesha bodaboda, na anavuta kama wengine wanavyotafuna miwa. Siku moja mchana alinikuta nimekaa kwenye jiwe kubwa nyuma ya shamba letu, nimechoka kuchuma, mikono imechanika kwa yale makaka makavu ya pamba.

"Una sura ya mtu aliyezikwa jana," akaniambia. "Vuta mbili tu, dunia ipungue uzito."

"Mama atanusa."

"Mama yako ananusa mboga iliyoungua kwa jirani lakini yake haoni. Vuta, bwana."

Nikavuta. Nikakohoa mpaka machozi. Halafu kwa muda nilidhani hakuna kitu, nikawa nimeanza kumcheka, na kile kicheko kikakataa kuisha. Kikawa si changu tena. Mikono yangu ilikuwa mbali sana, kama mikono ya mtu aliyesimama ng'ambo ya shamba, na moyo ulikuwa unapiga masikioni. Binamu alikuwa anasimulia habari za tairi na mimi nilisikia kila neno likija peke yake, likikaa, likisubiri lingine. Niliogopa kwamba nitabaki hivyo siku zote. Nilitamani bibi awepo. Nikasogea kwenye lile jiwe, nikamwachia nafasi upande wa kushoto, nikasubiri.

Hakuja. Tangu alipofariki, huo ndio mchana ambao nilimhitaji kuliko mwingine wowote, na ndio ambao hakukuwa na mtu. Kulikuwa na jiwe la moto tu na binamu anacheka. Nikatapika, nikalala chini ya kivuli cha minyaa, jioni nikaamka na kichwa kizito. Sikurudia. Haikuwa kwa sababu ya utakatifu. Sikuona faida yake.

Lakini binamu ana mdomo. Habari ikafika kwa vijana wa bodaboda, ikatoka huko ikaingia shuleni, na ilipokutana na ile habari ya benchi, kesi ikawa imekamilika. Mwalimu wa nidhamu aliniita ofisini.

"Kwa hiyo unavuta, halafu unaona marehemu."

"Hapana, mwalimu. Kabla ya kuvuta alikuwepo. Nilipovuta hakuwepo."

"Unajisikia unavyoongea?"

Nilikuwa najisikia. Nilijua linavyosikika. Lakini ndivyo ilivyokuwa, sasa ningeligeuza vipi?

Mkuu wa shule hakunipiga wala kunifokea. Alisema kwa upole, na huo upole ndio ulioniumiza, kwamba shule si mahali pa mgonjwa, niende nyumbani nitibiwe. Siku nitakapopona, baba yangu mwenyewe aje aseme mbele yake kwamba nimepona. Mwakani ni kidato cha nne. Nilitoka pale nikijua masharti yangu: ili nirudi darasani ni lazima bibi asiwepo, na ni lazima baba aseme hivyo kwa mdomo wake.

Kule nje wenzangu walikuwa mapumziko. Mmoja akapaza sauti, "Chizi, umsalimie bibi!" Mwingine akasema, "Msalimie babu pia, asije akasikia wivu." Hata mimi ningekuwa sijachoka ningecheka.

Kanisani walinishughulikia kwanza. Nilisimamishwa mbele, mchungaji akaniwekea mkono kwenye paji la uso na akina mama wakanizunguka. "Toka! Toka!" Mkono ulikuwa unasukuma. Nilielewa kwamba natakiwa kuanguka. Wengine wote wanaoombewa huanguka. Jua lilikuwa kali, watu wana njaa, na mama mmoja nyuma yangu alikuwa amejiandaa kunidaka tangu mwanzo, mikono imeanza kumtetemeka. Nikamwonea huruma. Nikaanguka. Wakapiga makofi na vigelegele, tukaenda nyumbani.

Jioni mama aliniuliza nikiwa napepeta mchele, "Ametoka?"

"Yupo, mama."

Mama akakaa chini. "Si ungenidanganya tu," akasema. Hakuwa ananigombeza. Alisema kama mtu anayeomba maji.

Baada ya hapo nikaacha kulala vizuri. Hilo nalisema wazi kwa sababu sitaki ionekane wote walikuwa wajinga na mimi peke yangu nilikuwa mzima. Sikula. Nilikaa jikoni nikiogopa kila anayeingia kwamba amekuja kunitoa kitu. Ndipo baba akanipeleka hospitali.

Daktari alikuwa kijana aliyehamia kutoka Pwani, anaongea Kiswahili laini mpaka baba alikuwa anageuka kuniangalia nimtafsirie.

"Mwanangu, wasikia sauti?"

"Hapana."

"Waona watu ambao wenzio hawawaoni?"

"Hapana."

Akaangalia alichoandika muuguzi. "Sasa huyu bibi?"

"Yupo tu."

"Yupo vipi?"

"Amekaa."

Alitabasamu, nami nilimpenda kwa hilo, lakini aliandika muda mrefu. Aliniuliza habari za bangi, nikamwambia yote. Akasema kichwa changu bado kinakua na bangi haifai kukikaribia, hata siku moja, hata pumzi moja, na hapo ulaini wote ulimtoka, alikuwa anasema kama mwalimu wa hesabu. Akanipa vidonge.

Vidonge vilinilaza. Kwa hilo nashukuru, maana nililala kweli. Lakini nilikuwa nimelala hata nikiwa macho. Miguu ilikuwa mizito kama nimekanyaga tope la majaruba ya mpunga. Mdomo ulikauka. Nilikuwa natafuna michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na haivunjiki kwa sababu mate hayapo, inakaa mdomoni kama vipande vya mbao. Na bibi? Alikuja kama kawaida. Akakaa. Labda tulikuwa tunasinzia wote.

Shangazi alipoona hospitali haijamtoa mtu, akaja na kuku.

Kwetu mambo ya namna hii husomwa kwa kifaranga. Mwenye shida anamtemea mate mdomoni, ili kifaranga abebe habari zake, halafu anapelekwa kwa mfumu, mpiga ramli, ambaye anampasua na kusoma ndani: mapafu, matumbo, chini ya mbawa. Mate ni ya nani, habari ni ya huyo. Ndiyo sheria yenyewe, na ni kama sheria pekee.

Baba alikataa mwezi mzima, kisha akakubali asubuhi moja bila maelezo. Nadhani alikuwa amefika pale ambapo mtu hakubali wala hakatai, anaacha tu kusema hapana. Shangazi aliingia na kikapu kabla chai haijachemka.

"Mwangaluka, kaka. Mwangaluka, wifi. Mgonjwa yuko wapi? Haya, ng'wanone, mwanangu, fungua mdomo, mtemee huyu."

Akanishikia kifaranga. Alikuwa wa moto, moyo wake unakimbia kwenye vidole vyangu. Nikavuta mate. Hakuna. Nikajaribu tena, nikajikuna ulimi kwa meno. Ulikuwa kama kitambaa.

"Tema, mtoto!"

"Hayapo, shangazi."

"Mate hayapo? Mtu anakosaje mate? Hata maskini ana mate."

Mama akaniletea kikombe cha maji. Shangazi akampokonya. "Wifi, maji si mate! Akinywa atatema kisima. Mfumu atatusomea habari za bomba." Akatoka nje kwenda kumfokea mwanae, yule binamu, ambaye pikipiki yake ilikuwa imegoma kuwaka, na mama akamfuata kumtuliza asije akaamsha majirani wote wa kanisani.

Tukabaki mimi na baba. Nilikuwa bado nahangaika na ule ulimi. Baba alikuwa amesimama mlangoni amevaa koti lake la ibada, sijui kwa nini alilivaa siku hiyo. Alitazama nje. Kisha akaja, akamchukua kifaranga mkononi mwangu, akageukia ukuta, akambanua mdomo kwa kidole gumba kama mtu aliyefanya hivyo utotoni mara nyingi, akatema. Haraka sana. Akanirudishia.

"Ni damu moja," akasema.

Nilitaka kusema haiwezekani, kwamba sheria haisemi damu. Lakini nilikuwa na usingizi, na yeye ni baba. Kwa mtoto mchanga mzazi huweza kutema, ndivyo nilivyosikia. Nadhani alijiambia hivyo. Shangazi aliporudi akauliza, "Ametema?" Baba akajibu, "Mate yamepatikana." Hakudanganya. Alitakiwa abaki nyumbani, ndivyo walivyokubaliana, ila sasa akasema na yeye anakuja, hawezi kumwacha mtoto wake kwa mfumu bila mtu wa kumwombea.

Mfumu anakaa kijiji cha pili. Nilitegemea mtu wa kutisha, nikakuta mwanaume wa makamo amevaa jezi ya mpira iliyopauka, simu yake inalia kila mara na yeye anaikata bila kuangalia. Kulikuwa na watu wawili mbele yetu. Tulikaa kwenye mikeka. Baba alikaa kidogo pembeni, na kila aliyepita alimsalimia "Mwadila, mzee," naye akajibu huku ameshika mdomo kama anayeumwa jino, ili asitambulike.

Zamu yetu ilipofika, mfumu hakuniuliza kitu. Alimpasua kifaranga, akammwagia maji, akafunua taratibu kwa ncha ya kisu. Akainama. Akainua kichwa akaniangalia, akarudi kwa kuku.

"Mgonjwa ni huyu binti?"

"Ndiye huyo," shangazi akasema.

"Mbona huyu wa humu ni mtu mzima?"

"Angalia vizuri."

"Naangalia. Ni mtu mzima, tena mwanaume." Akagusa kitu cheusi chini ya bawa. "Amembeba mama yake mgongoni. Kila siku anamwambia shuka, shuka. Mama hashuki. Atashuka vipi na hajaliliwa?"

Simu ililia, ikakatwa.

"Kuku wako ameharibika," shangazi akasema.

"Mama, kuku ni wa kwenu. Mmekuja naye."

"Na mtoto je? Mtoto wetu umemwona wapi humo?"

"Mtoto hayumo," mfumu akasema, akaanza kunawa mikono. "Mkitaka habari za mtoto, leteni kuku wa mtoto."

Nikamtafuta baba kwa macho. Alikuwa anaangalia miguu yake. Mpaka siku ile sikuwa nimejua kwamba hiyo tabia nimeitoa kwake.

Sitaki kuapa kwamba kifaranga alisema. Inawezekana mfumu alimsoma baba zaidi ya alivyomsoma kuku: mtu amevaa koti la ibada, amejificha nusu uso, mfiwa unamjua. Inawezekana shangazi alikuwa ameshamweleza mambo ya msiba. Sijui. Ninachojua ni kwamba kati ya watu wote walionichunguza, huyu ndiye wa kwanza kusema mimi simo.

Shangazi alipanda pikipiki na mwanae, bado analalamika kwamba vifaranga wa siku hizi wanalishwa vyakula vya dukani, watasema nini cha maana. Mimi na baba tukatembea. Njia inapita katikati ya mashamba yaliyokwisha kuchumwa, miti ya pamba imebaki mikavu na vipande vyeupe vimenasa huku na huku. Nilikuwa natembea polepole kwa ajili ya vidonge. Baba alinisubiri kila niliposimama.

Tulipofika karibu na nyumbani akauliza bila kugeuka, "Anakaa upande gani?"

"Kushoto."

"Anasema nini?"

"Hasemi."

Tukatembea tena kidogo.

"Hata kwangu hasemi," akasema.

Nilisimama. Yeye aliendelea kutembea. Mabega ya lile koti yalikuwa yanatikisika, na kwa vile sikuwahi kumwona baba analia, mwanzoni nilidhani anakohoa. Nikamwacha atangulie. Alikaa nje ya uzio mpaka akamaliza, akaingia, akaomba chai.

Hatukulizungumza tena. Sikupona, kama kupona ni bibi kuondoka. Ila nilianza kula. Nililala bila kuogopa mlango. Tuliporudi kliniki daktari aliniuliza yale yale na mimi nikajibu yale yale: yupo, amekaa. Akamuuliza baba kama kwenye ukoo kuna watu wa namna hiyo. Baba akasema wapo. Daktari akasema atanipunguzia dozi, nisiache kumeza mwenyewe hata nikijisikia nafuu, nirudi nimwone, na kwamba kwa sasa anachokitazama ni kula, kulala na kusoma. "Na kile kitu?" akauliza, akimaanisha bangi. Nikasema sijagusa. Akatikisa kichwa kwa kuridhika.

Ikabaki shule.

Usiku na mchana nilikuwa na sentensi moja tu kichwani: "Nimepona, mwalimu." Niliifanyia mazoezi nikichota maji. Nilikuwa nimechoka kuwa mkweli. Ukweli ulikuwa umenipotezea masomo, umemkondesha mama, na haukumsaidia bibi kwa lolote, yeye angekuja akakaa hata nikimkana. Niliamua nitadanganya, na niliomba Mungu baba naye adanganye.

Mkuu wa shule alitukaribisha viti. Mwalimu wa nidhamu alikuwa amesimama dirishani anachonga penseli.

"Shikamoo, mwalimu," nikasema.

"Marahaba. Umenenepa kidogo, vizuri." Akamgeukia baba. "Haya mzee, tuambie. Mtoto amepona?"

Baba aliangalia miguu yake. Mwalimu wa nidhamu akaacha kuchonga.

"Sema tu amepona, mzee wangu," mkuu akasema. "Neno moja, nimruhusu aende darasani. Mimi pia nina wageni wananisubiri."

Nilifungua mdomo niseme mimi. Baba akaniwekea mkono kwenye goti.

"Mwalimu," akasema, "mtoto anakula, analala, dawa anameza. Bangi ameacha, na aliyempa nimezungumza naye. Darasani atasoma, maana kusoma anaweza. Ila hili la bibi yake siwezi kukwambia limeisha. Hata kwangu halijaisha."

"Hata wewe, mzee?"

"Hata mimi."

"Kumbe ni la ukoo," mwalimu wa nidhamu akasema, akarudi kwenye penseli yake.

Niliona mkuu anavyomtazama baba. Naujua mtazamo ule. Ni wa upole, na ndani yake mtu anarudi nyuma hatua moja. Nimetazamwa hivyo mara nyingi, lakini baba alikuwa hajawahi. Baba ni mtu anayeitwa kupatanisha ndoa za watu. Masikio yangu yalipata moto kwa aibu, na aibu hiyo ilikuwa ya kwake, siyo yangu. Yeye alikaa tu, mkono bado uko gotini kwangu.

"Na akisumbua darasani?" mkuu akauliza.

"Nipigie simu mimi."

"Nikupigie wewe," mkuu akarudia, kama anayejiuliza itasaidia nini. Mlango uligongwa. Wageni. Akapumua. "Haya, binti, nenda darasani. Ila sitaki kusikia habari za benchi."

Hiyo habari ilifika kanisani kabla ya Jumapili. Hawakumfukuza baba. Walimwambia apumzike kwanza huduma ya uzee wa kanisa, ajitunze. Sasa anakaa katikati na waumini wengine, na nyimbo anaimba kwa sauti ndogo. Shangazi alimletea lile gunia, akalipokea bila kulifungua, likawekwa juu ya kabati. Nilimwambia baba samahani. Akasema, "Kwa lipi?" akaendelea kufunga kamba ya jembe.

Siku ile ya kwa mkuu, lakini, baba aliniacha pale nje ya ofisi, akaenda kutafuta pikipiki, na mimi nikavuka uwanja peke yangu. Kilikuwa kipindi cha Jiografia. Nilipoingia mtu akanong'ona, "Chizi huyo," na mwenzangu wa benchi akavuta madaftari yake karibu. Nikakaa. Mwalimu hakusita hata, aliendelea na mito na mabonde yake.

Nilikuwa nimesubiri siku hiyo kwa muda mrefu kiasi kwamba nilitegemea nitasikia kitu. Furaha, au uoga. Nilisikia usingizi. Kidonge cha asubuhi, joto la bati, sauti ile ile inayosema mmomonyoko, mmomonyoko. Nikaweka kichwa kwenye mkono nipumzishe macho tu.

Rula ikapiga benchi. "Wewe! Umekuja shule au umekuja gesti? Simama kule nyuma mpaka kengele!"

Darasa likacheka. Kilikuwa kicheko kifupi, kile kinachompata yeyote anayelala, kikaisha. Nikaenda kusimama ukutani. Kulikuwa na mvulana mmoja amesimama tayari, shati limetoka nje ya suruali.

"Umefanya nini?" akaninong'oneza bila kunitazama.

"Nimelala."

"Mimi sijafanya kazi ya nyumbani."

Tukasimama. Miguu ilikuwa inauma.